Ringa, salini au albumini? Kuchagua dripu ya kushikilia presha baada ya upasuaji wa moyo

Saa tisa alasiri mama wa kitanda cha nne anatoka chumba cha upasuaji. Vali yake ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, iliyoharibiwa na homa ya rumatiki tangu akiwa mtoto wa shule, imebadilishwa. Joto la mwili nyuzi 35.3, nyayo baridi kama sakafu, presha 112 kwa 64. Kufika saa kumi na moja nyayo zimepata joto, mfuko wa mkojo umemwagwa mara mbili, na presha ni 79 kwa 43. Sista anageuka: "Dokta, nimtundikie ipi?"

Kwenye rafu nyuma yake kuna salini, Ringa laktati, dextrosi ya asilimia 5, na chupa mbili za albumini zilizofungiwa kabatini kwa sababu ya bei yake. Friji ya damu iko korido ya pili. Hospitali nyingine ingekuwa na jelatini pia, na miaka kumi na tano iliyopita pengine wanga wa HES. Nitazilinganisha moja moja, na sitajifanya sina upande. Nawaandikia wauguzi na madaktari wachanga wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), na ndugu wa mgonjwa anayetaka kuelewa kinachodondoka kwenye ule mrija. Protokali ya kitengo chako ndiyo inayotangulia haya yote.

Kwanza: ni maji kweli anayohitaji?

Ubishi wa chupa huanzia kwenye rafu, nami naona unaanzia mbele mno. Mgonjwa aliyepita kwenye mashine ya moyo na mapafu damu yake imezunguka kwenye plastiki, imechanganywa na lita moja au zaidi ya maji yaliyojazwa mashineni, imepozwa kisha ikapashwa. Mwili huchukulia safari hiyo kama jeraha kubwa. Kuta za mishipa midogo huanza kuvuja, maji yakatoka kwenye damu kuingia kwenye nyama. Ndiyo maana kope huvimba siku ya pili huku mishipa yenyewe ikiwa haijajaa. Joto linaporudi mishipa inatanuka, na damu iliyotosha bomba jembamba sasa inatakiwa kujaza bomba pana. Ongeza mkojo mwingi wa saa za mwanzo na damu inayotoka kwenye dreni za kifuani. Hapo maji yana kazi.

Lakini presha hushuka kwa sababu nyingine pia. Misuli ya moyo huwa imechoka, na uchovu huo mara nyingi hufika chini kabisa kati ya saa ya nne na ya sita tangu kutoka mashineni. Mapigo yanaweza kuvurugika. Mishipa inaweza kulegea kiasi kwamba hata ukiijaza vipi hailingani, na tiba yake ni noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa. Halafu kuna lile la kutisha: dreni iliyokuwa ikitoa mililita 150 kwa saa inakauka ghafla, kijana wa zamu anafurahi kwamba damu imekata, kumbe imeganda ndani na inaubana moyo. Maji yatampa mgonjwa huyo dakika chache tu. Anayeweza kumwokoa ni mpasuaji, akifungua kifua upya.

Kipimo cha haraka hakigharimu senti. Tumia injini ya kitanda, si mikono, kushusha kifua na kuinua miguu hadi nyuzi 45, kisha tazama monita kwa dakika moja. Damu ya miguuni, kama mililita 300, inarudi moyoni kwa mkopo. Presha ikipanda vizuri, moyo unaomba maji. Isipopanda, weka chupa chini umwite mwenye mashine ya eko, ile ya kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. (Nasema injini kwa sababu ukimnyanyua mgonjwa kwa mikono, kidonda kinamuuma na maumivu yenyewe yanapandisha presha, utapata jibu la uongo.)

Salini dhidi ya Ringa

Hapa ndipo ubishi mwingi ulipo, na hapa tarakimu zinasema zenyewe. Vipimo ni milimoli kwa lita. Viwanda hutofautiana kidogo.

| | Damu ya kawaida | Salini 0.9% | Ringa laktati | Plasma-Lyte 148 |
|---|---|---|---|---|
| Sodiamu | 135–145 | 154 | 130 | 140 |
| Kloridi | 98–106 | 154 | 109 | 98 |
| Potasiamu | 3.5–5 | 0 | 4 | 5 |
| Kalsiamu | ipo | hakuna | ipo | hakuna |
| Cha kupunguza asidi | bikaboneti | hakuna | laktati 28 | asetati 27, glukoneti 23 |

Tazama mstari wa kloridi. Salini tumezoea kuiita "ya kawaida", lakini hakuna damu ya binadamu yenye kloridi 154. Lita mbili tatu zikiingia haraka, kloridi inapanda na damu inakuwa na asidi. Hatari yake kubwa kwenye ICU ya moyo ni mtego mmoja ambao nimeuona ukinasa watu wenye akili zao. Kipimo cha gesi za damu kinarudi na asidi. Daktari anasoma: damu haifiki kwenye viungo, mwongezeeni maji. Anaongezewa salini. Kipimo kinachofuata kina asidi zaidi, naye anaongezewa tena. Kumbe laktati, ambayo hupanda damu isipofika kwenye viungo, ilikuwa 1.6 tangu mwanzo, yaani ya kawaida. Asidi yote ilikuwa imetoka kwenye chupa. Kabla ya kuongeza dripu kwa sababu ya asidi, soma laktati na kloridi kwenye karatasi ileile.

Kuna hesabu nyingine ya jikoni. Lita moja ya salini ina gramu 9 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Mgonjwa wa moyo tunamkataza dagaa wa chumvi kliniki kwa miaka mitatu, halafu usiku mmoja tunampitishia gramu 18 mshipani, na siku ya nne tunashangaa miguu imevimba na furosemaidi, dawa ya kukojoza, haitoshi. Ringa nayo ina chumvi, tena gramu 6 kwa lita, mbali na sodiamu ya laktati, kwa hiyo si maji ya mvua. Ila mzigo wake ni mwepesi zaidi.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2018 hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ilitoa matokeo ya SMART: wagonjwa 15,802 wa ICU tano, ya moyo ikiwamo. Kifo, kuhitaji kusafishwa damu, au figo kubaki zimeharibika vilitokea kwa asilimia 14.3 ya waliopewa maji yaliyosawazishwa (jamii ya Ringa na Plasma-Lyte), na 15.4 ya waliopewa salini. Tofauti ndogo, lakini ukihesabu vichwa si ndogo. Kisha zikaja BaSICS ya Brazil mwaka 2021 na PLUS ya Australia na New Zealand mwaka 2022, zote kubwa, na hazikuonyesha tofauti ya vifo. Kwa hiyo anayekuambia salini ni sumu anatia chumvi, na samahani kwa mchezo wa maneno. Mililita 500 za salini hazitamuua mtu. Mimi nachagua Ringa kwa sababu bei zake hazipishani sana, madhara yake ni machache, na haichafui kipimo cha gesi ninachokitegemea usiku kucha.

Hofu tatu za Ringa huzisikia kila zamu. Ya kwanza: "figo zake mbaya, Ringa ina potasiamu". Maji yenye potasiamu 4 hayawezi kuivuta damu yenye potasiamu 5.5 ipande, yanaizimua. Salini, ambayo haina potasiamu hata chembe, ndiyo inayoweza kuipandisha, kwa kuwa asidi yake huitoa potasiamu ndani ya seli. Wagonjwa wa kupandikizwa figo walilinganishwa hivyo mwaka 2005, na potasiamu ya kutisha ikaonekana upande wa salini. Ya pili: "laktati ya chupa itatudanganya kwenye kipimo". Ini linalofanya kazi huila haraka. Laktati ikipanda baada ya upasuaji wa moyo, mtuhumiwa wa karibu zaidi ni adrenalini unayompa, au damu isiyofika mahali. Hofu ya tatu ina ukweli: kalsiamu ya Ringa haifai kukutana na damu ya kuongezewa kwenye mrija mmoja, kwa sababu inaweza kuigandisha. Suuza kwa salini, au tumia mshipa mwingine.

Salini ina zamu zake. Mgonjwa aliyepata kiharusi mezani, ubongo ukavimba, hapaswi kupewa maji mepesi, na Ringa ni nyepesi kidogo kuliko damu. Halafu wapo wagonjwa wetu wa vali, waliotumia furosemaidi miaka na miaka wakisubiri nafasi ya upasuaji. Wengi wao hufika na kloridi ya chini na damu iliyoegemea upande wa alkali. Kwa huyo, salini ndiyo inayorudisha kilichopotea. Hili vitabu hulitaja kwa mstari mmoja, lakini kwenye wodi ya Afrika Mashariki, ambako homa ya rumatiki bado inajaza foleni ya vali, ni jambo la kila wiki.

Plasma-Lyte na Ringa asetati ziko karibu zaidi na damu, na asetati haitegemei ini peke yake. Ukiwa nazo, zitumie. Ukiwa huna, usiombe radhi kwa Ringa laktati.

Albumini: chupa ya kioo

Timu za kigeni zinazokuja kufanya upasuaji wa pamoja zimenifundisha kwamba dripu ni mila kabla ya kuwa sayansi. Waliozoea mtindo wa Australia hunyosha mkono kwenye albumini ya asilimia 4 bila kufikiri, kwa sababu kwao ipo tele. Waliotoka nchi za Skandinavia wanauliza Ringa asetati. Kila mmoja ana sababu nzuri za kifiziolojia za kutetea alichokulia nacho.

Hoja ya albumini ni rahisi kuipenda. Ni protini ya damu ya binadamu yenyewe. Ina ukubwa wa kubaki ndani ya mshipa na kuyashika maji yasitoroke. Tulifundishwa kwamba lita moja ya albumini ni sawa na lita tatu za salini. Mwaka 2004 utafiti wa SAFE, ICU 16 za Australia na New Zealand na wagonjwa 6,997, uliipima hoja hiyo. Uwiano halisi ukatoka kama 1 kwa 1.4, na vifo vya siku 28 vikawa sawa pande zote mbili. Sababu ni ile tuliyoianza nayo: mishipa ya mgonjwa mahututi inavuja, na ukuta unaopitisha maji hupitisha na protini pia. Kwenye utafiti huohuo, walioumia ubongo kwa ajali walifanya vibaya zaidi kwa albumini.

Lakini hao walikuwa wagonjwa wa kila aina. Wa moyo je? Wafini walilijibu swali hilo Helsinki. Utafiti wa ALBICS, uliochapishwa mwaka 2022, ulichukua watu wazima 1,386 waliofanyiwa upasuaji wa moyo kwa mashine. Nusu walipewa albumini ya asilimia 4, ndani ya mashine na saa 24 zilizofuata, na nusu Ringa asetati. Madhara makubwa katika siku 90: asilimia 37.1 kwa albumini, 33.8 kwa Ringa, tofauti isiyotosha kusema moja imeshinda. Waliopewa albumini walihitaji maji machache zaidi, hilo ni kweli. Ila walitokwa damu zaidi, na wengi zaidi walirudishwa mezani kufunguliwa kifua. Kwa mgonjwa ambaye jana mfupa wa kifua umeshonwa kwa waya, kufunguliwa upya si jambo dogo.

Kwangu mimi jambo hilo liliamua. Bei ya albumini ni mara nyingi ya Ringa, na hapa nyumbani mara nyingi ndugu ndiye anayetumwa kuitafuta duka la dawa saa nne za usiku. Kumtuma mtu akakope kwa ajili ya chupa isiyomwongezea ndugu yake siku ya kuishi, wakati Ringa iko rafuni, sioni tunavyoweza kumtetea aliyeandika karatasi hiyo. Naiacha kwa wachache: aliyekwisha kunywa lita kadhaa za Ringa, amevimba, albumini ya damu iko chini sana, na bado kipimo cha miguu kinaonyesha moyo unaomba. Au mwenye ini bovu. Hapo ni mililita 100 za asilimia 20, si chupa nzima za asilimia 4 au 5, maana lengo ni kuvuta maji yaliyotoroka, si kuongeza mengine.

Ukiitumia, kumbuka mambo ya mkono: chupa nyingi ni za kioo, zinahitaji seti yenye tundu la hewa, la sivyo matone yanasimama na utadhani kanula imeziba. Usiitikise, inatoa povu. Mgonjwa akiwa Shahidi wa Yehova, muulize mapema yeye mwenyewe, kabla ya upasuaji. Wapo wanaokataa damu lakini wanakubali albumini, na uamuzi huo ni wa kila mtu na dhamiri yake.

HES: historia ya aibu

Hii siiweki kwenye mashindano. Naieleza kwa sababu bado unaweza kuikuta stoo, na kwa sababu jinsi ilivyoingia kwenye vyumba vyetu ni funzo kwa yeyote anayesoma tafiti.

Ni wanga uliobadilishwa kikemia ili ukae ndani ya mshipa. Ulikuwa nafuu kuliko albumini na ulivuta maji vilevile, na kwa miaka mtetezi wake mkubwa alikuwa Joachim Boldt, daktari wa ganzi wa Ludwigshafen, Ujerumani. Mwaka 2009 alichapisha utafiti uliolinganisha HES na albumini ndani ya mashine ya moyo na mapafu, yaani hawa hawa wagonjwa wetu. Wasomaji wa jarida wakaandika kulalamika: tarakimu zake zilikuwa safi kupita kiasi, kana kwamba wagonjwa wote wametoka tumbo moja. Uchunguzi ulipofanyika, utafiti haukuonekana kuwahi kufanyika kama ulivyoelezwa. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata majarida yakafuta zaidi ya 80 za kwake.

Mwaka 2012 zikaja tafiti za kweli. Kwenye 6S, wagonjwa wenye sepsisi kali (mwili kuzidiwa na maambukizi) waliopewa HES walikufa asilimia 51 katika siku 90, dhidi ya 43 za Ringa asetati. CHEST, wagonjwa 7,000, ilionyesha waliopewa HES wakihitaji zaidi kusafishwa damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito mwaka 2013, na ikataja waziwazi kutokwa damu kwa wagonjwa wa moyo waliopita mashineni. Umoja wa Ulaya ulisimamisha leseni zake mwaka 2022. Ukikuta katoni ya HES stoo, au msaada umeletwa na shehena ya vifaa, usiitundike.

Zilizobaki

Jelatini inatengenezwa kwa mifupa au ngozi ya ng'ombe, na sehemu kubwa yake huondoka mshipani ndani ya saa chache. Husababisha mzio mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na hakuna utafiti mzuri unaoonyesha kwamba mgonjwa wa moyo anapata chochote asichokipata kwa Ringa. Kwa Mhindu ambaye ng'ombe kwake ni mwiko, inabidi umweleze imetoka wapi. Mimi naipita.

Dextrosi ya asilimia 5 si chupa ya kushikilia presha, na ni kosa kuiweka kwenye mashindano haya. Sukari ikishaliwa, yanabaki maji matupu yanayosambaa mwili mzima. Kati ya lita moja, kinachobaki ndani ya mshipa hakijazi kikombe cha chai. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, sodiamu inashuka na ubongo unavimba. Kazi yake ni kuchanganyia baadhi ya dawa na kuzuia sukari kushuka.

Damu ni jambo tofauti. Kama dreni inatoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, kinachopotea ni damu na kinachorudi kiwe damu, na wakati huohuo mpasuaji aitwe. Kumjazia Ringa anayevuja ni kuzimua kilichobaki na kuharibu kuganda kwake. Ila damu nayo si dawa ya presha. Utafiti wa TRICS III wa mwaka 2017, wagonjwa zaidi ya 5,000 wa upasuaji wa moyo, ulionyesha kwamba kusubiri hadi hemoglobini iwe chini ya gramu 7.5 kwa desilita kulikuwa salama sawa na kuongeza mapema. Kwetu, ambako ndugu wanapangwa foleni ya kuchangia, hiyo ni habari njema sana. Ukiongeza nyingi kwa haraka, ipashe joto, na upime kalsiamu. Sitreti, kizuia kuganda kilichomo kwenye mfuko, inaikamata kalsiamu, na moyo uliochoka hauvumilii hilo.

Kiasi kinazidi jina la chupa

Mililita 250 kwa dakika 10 au 15, kisha simama utazame. Si lita moja "iende kwa kasi". Kwa mtoto ni mililita 5 hadi 10 kwa kila kilo, ukipapasa ini kabla na baada. Ukiona presha imepanda na mapigo yametulia, umepata jibu. Usipoona kitu zaidi ya presha ya vena kuu (mshipa unaorudisha damu moyoni) kupanda kutoka 7 hadi 14, umepata jibu pia. Na kuwa na subira ya kupima tena baada ya nusu saa, maana sehemu ya Ringa itakuwa imeshatoroka.

Mgonjwa wa mitrali ana kisa chake. Miaka ya vali iliyobana imepandisha presha ya mapafu na kuchosha upande wa kulia wa moyo. Upande huo ukijazwa kupita kiasi unatanuka, unausukuma ukuta wa kati, na upande wa kushoto unakosa nafasi ya kujaa. Maji yanaongezwa, presha inashuka. Mishipa ya shingo ikiwa imesimama, hata albumini ya dhahabu haitasaidia.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekihesabu ni maji ya pembeni. Antibayotiki kwenye mililita 100 za salini mara tatu kwa siku, kusuuza mirija, potasiamu iliyozimuliwa, mrija wa ateri unaopitisha mililita 3 kila saa. Jumlisha kufika alfajiri: mara nyingi ni zaidi ya nusu lita ambayo haikuagizwa na mtu yeyote.

Mama wa kitanda cha nne tuliinua miguu yake kwa kitanda. Kutoka 79, presha ya juu ikafika 92. Akapewa Ringa mililita 250, akafika 94. Mililita 250 nyingine zikampeleka 95, huku presha ya vena ikitoka 7 hadi 12. Ya tatu hatukutundika. Eko ilionyesha moyo unasukuma vizuri na hakuna damu iliyozunguka, mikono yake ilikuwa ya joto na mishipa imelegea, akaanzishiwa noradrenalini kidogo. Saa mbili usiku alikuwa 108 kwa 61, laktati imetoka 3.8 hadi 2.1, dreni mililita 40 kwa saa.

Dada yake aliruhusiwa kuingia saa tatu, amevaa gauni la kijani kinyumenyume. Alimshika mkono mgonjwa, akatazama stendi, akanong'ona: "Sista, mbona dripu imeisha na hamjamtundikia nyingine? Yule wa pembeni anayo."

"Hahitaji nyingine, dada," sista akamjibu, akaandika 108 kwenye chati.